Asili ya Neno Gari, na Jinsi Nilivyojipatia Langu

Jumatatu, 4 Machi
Ulimwengu na ujue: kuanzia leo mimi ni mtaalamu wa lugha. Mama mkwe katangaza mezani kwamba gari la marehemu baba mkwe, lililofungiwa bandani miaka yote hii, atapewa mkwe atakayemweleza gari ni nini na jina lake limetoka wapi. Marehemu alilienzi mno, asema, haliwezi kwenda kwa mtu asiyejua hata linaitwaje. Wakwe tuko wawili: mimi na mume wa shemeji yangu, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani tu. Magoti yangu yanalihitaji kuliko yake.

Jumanne, 5 Machi
Maktaba. Profesa kanitangulia, kaikumbatia kamusi. Alipokwenda msalani nikaificha nyuma ya vitabu vya mapishi. Akili hiyo! Mkutubi akaniona. Adhabu: kupanga rafu nzima upya. Profesa akatafuta, akachoka, akaondoka. Nikabaki mimi na kamusi. Kihindi! Neno limetoka Kihindi!

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya mke wangu. Kaniuliza kama nimeshaliona gari lenyewe. Nikamjibu kwamba wasomi hatuchungulii mabandani. Kapiga miayo.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Profesa alisema gari ni chombo chenye injini, akaketi. Nikainuka taratibu. Nikasema neno hili lilikuja kutoka Kihindi, na huko hata mkokoteni ulikuwa gari kabla injini haijaingia ndotoni mwa mtu. Gari la ng'ombe lina injini? La mkono je? Gari ni magurudumu. Injini ni mbwembwe.

Mama mkwe akanitazama sana. "Mwanangu, una hakika injini si lazima?"

"Mama, naapa."

Akanikabidhi ufunguo. Profesa hoi!

Jumatatu, 11 Machi
Sasa niseme yaliyotokea hasa. Nilifungua boneti, nikaona sakafu ya banda. Injini mama mkwe aliiuza zamani, akaezeka paa. Alikuwa akiona haya kuniambia, asema, lakini hotuba yangu ilimtua mzigo. Tumelisukuma hadi nyumbani, ng'ombe wakiwa mimi na Profesa, aliyecheka njia nzima. Mimi nilipungia watu mkono. Mke wangu keshaanika mito juu yake.

Hata hivyo, gari ninalo, yeye hana! Na kule bandani nimeona kitu kingine chini ya turubai. Pikipiki, kwa umbo lake. Sikuona haja ya kufunua. Nimemwuliza mama mkwe kama angependa kujua asili ya neno hilo.