Nakala Namba Moja

Zéphirin alinunua karanga kwa sababu ya njaa, lakini alikula tatu tu. Zilizobaki alizimwaga mfukoni bila kuangalia, maana macho yake yalikuwa yameshikwa na karatasi zilimofungwa.

Katika karatasi hiyo kulikuwa na rubani wa Kizungu mwenye sharubu zilizopinda kama pembe za kondoo dume. Alikuwa amechungulia nje ya ndege yake, mbwa mdogo amekaa begani, na kinywani mwake limetoka wingu zima la maneno ya Kiingereza. Kila unywele wa mbwa ulikuwa umechorwa peke yake kwa wino. Zéphirin hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kitu kizuri alikijua, hasa kikiwa mikononi mwa mtu asiyejua bei yake.

Tumtendee haki: Zéphirin hakuwa mwizi. Mwizi huja akijificha. Zéphirin alikuja mchana kweupe, akabisha hodi, akauliza habari za watoto, na alipoondoka wewe mwenyewe ulimsindikiza na kumshukuru. Mwaka uliopita aliwauzia watu wa Kasongo bangili za waya wa shaba za kuvuta mtandao wa simu, na mpaka leo wapo wawili wanaoapa kwamba zinasaidia.

"Mama Asma," akamwambia muuza karanga, "hizi karatasi unazitoaka wapi?"

"Ni za babu yangu. Alikuwa mupishi wa daktari mumoja Mwingereza, zamani sana. Daktari alienda, akaacha katoni ya magazeti ya michoro. Babu alizitunza, mimi ninafungia karanga. Iko tatizo?"

"Hakuna tatizo, mama. Nasikia huruma tu. Wino ya zamani vile iko inaingia ndani ya karanga, watu watasema tumbo."

Mama Asma akazitazama karanga zake kwa wasiwasi. Kabla ya saa sita katoni ilikuwa kichwani kwa Zéphirin, na Mama Asma amebaki na rundo la madaftari ya shule yaliyokwisha kuandikwa aliyobadilishiwa, akimwomba Mungu ambariki.

Zéphirin akaenda moja kwa moja kwa Chimène. Huyu alikuwa na sekretaria yake kando ya soko: kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa, sahani mbili za jua juu ya bati. Kwake watu walichapisha barua za ofisi na kadi za harusi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, jambo lililomfanya Zéphirin aseme maradufu. Chimène aliyafungua magazeti polepole, akatafuta kitu kwenye simu, kisha akamwonyesha.

"Angalia. Kule London iko watu wanatafuta michoro kama hii. Wachapishaji wanasafisha kurasa, wanazichapa upya kwenye karatasi nzito, wanafunika na kitambaa, wanatia ndani ya sanduku. Nakala mia mbili tu, kila moja na namba yake imeandikwa na mukono. Mutu akipata namba moja, analala nayo."

"Na zamani gazeti liliuzwa namna gani?"

"Bei ya bomboni, ya pipi moja tu. Lilikuwa la watoto."

Zéphirin akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Kitu cha watoto, ukikipa sanduku na namba, watu wazima wanakililia! Alisikia haya kidogo kwamba si yeye aliyebuni jambo hilo.

Kazi ilichukua majuma matatu. Chimène aliingiza kurasa arobaini za rubani ndani ya kompyuta, akaondoa mafuta ya karanga na umanjano wa miaka sitini, mstari kwa mstari, akakataa kuharakishwa. Jalada likawa la kitenge chekundu kilichobandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Sanduku lilikuwa katoni ya biskuti iliyovishwa kitambaa cheusi. Nakala ya kwanza ilipokamilika, Zéphirin alinawa mikono kabla ya kuishika, jambo ambalo halikuwahi kuonekana tangu ubatizo wake.

"Niandike namba ngapi?" Chimène akauliza.

"Moja."

Ikaja nakala nyingine. "Na hii?"

"Moja."

Ya tatu, Chimène akaiweka kalamu chini. "Zéphirin, kisha moja kunakujaka mbili."

"Kwa masomo, ndiyo. Kwa biashara, nani anataka kuwa wa pili?"

Mteja wa kwanza alikuwa Papa Souleymane, mfanyabiashara wa mchele. Babu wa babu yake alikuja Kasongo na misafara, na tangu hapo ukoo mzima haujavumilia kuona kitu kizuri kwenye nyumba ya mtu mwingine. Alikishika kitabu kwa mikono miwili.

"Na huyu mwenye sharubu ni nani?"

Zéphirin akautupia jicho mkeka wa sala uliokunjwa pembeni. "Huyu? Alisilimu, Papa. Hapa njo anaruka kwenda Maka."

"Na mbwa?"

"Anamuacha kwa jirani, ukurasa wa mbele kidogo. Papa, usikie. Iko nakala kumi tu duniani. Hii ni namba moja. Lakini wino yake haipendi macho ya watu. Ukimuonyesha mutu, bei inashuka. Ukiificha, kila mwezi inapanda."

Magunia matano ya mchele yaliondoka ghalani siku hiyohiyo. Kwa Bwana Prefe Aristote, mkuu wa shule ya sekondari, rubani aligeuka mwalimu anayepeleka vitabu porini, na Prefe akatoa mbuzi wawili wenye afya. Kwa Mama Régina, mwenye duka la dawa, rubani alikuwa amebeba chanjo, na yule mbwa alikuwa mgonjwa wake wa kwanza kupona. Mama Régina alifuta machozi, akafungua stoo na kutoa pikipiki ambayo mwanawe aliiacha alipohamia Kindu.

Hiyo pikipiki ndiyo iliyomlewesha Zéphirin. Maisha yake yote alikuwa mtu wa miguu, mtu wa kukaa pembeni ya njia akila vumbi la wenzake. Sasa alizunguka Kasongo asubuhi na jioni bila safari yoyote, shati limejaa upepo, akipiga honi kwa watu aliokuwa ametoka kuwasalimia.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu ikaingia sauti kwenye simu yake: Mama Safia, mfanyabiashara wa Kabambare, anamwita kwa shauri la vitabu. Zéphirin akaishika barabara, pikipiki ikambeba nusu ya njia na nusu ya njia akaisukuma yeye kwenye tope, akafika akiwa na rangi moja tangu kichwa hadi viatu.

Mama Safia alimpa chai kwanza. Kisha akasema bila haraka:

"Nimesikia habari ya rubani. Iko Mwingereza anakuja huku, mutu wa kuchapa vitabu. Anataka zile nakala za Kasongo, zote tatu, lakini zenye sahihi ya wenyewe ndani. Anasema kitabu kilichokaa kwa mutu mukubwa, bei yake ni ingine."

Akamwongoza uani, akafunua turubai. Chini yake zilikuwa pikipiki tatu mpya, viti vingali kwenye nailoni.

"Kitabu kimoja, pikipiki moja," akasema Mama Safia.

Zéphirin alijaribu kufikiri, lakini akili yake ilikuwa imeshapanda pikipiki ya kwanza na kuweka mguu mmoja juu ya ile ya pili. Hakuuliza Mama Safia alijuaje kwamba nakala ni tatu, wakati yeye aliwatangazia watu kwamba ni kumi.

Aliporudi Kasongo alikimbilia kwa Chimène kuchapa nyingine tatu na kuiga sahihi. Chimène hakuinua hata kichwa.

"Wino imeisha. Mpaka itoke Bukavu."

"Itatoka siku gani?"

"Barabara njo inajua."

Basi ikabidi avinunue vitabu vyake mwenyewe. Papa Souleymane alimsikiliza mpaka mwisho, tasbihi inatembea vidoleni.

"Niuze? Mwanangu, weye mwenyewe ulisema kila mwezi inapanda."

"Nilisema, Papa, lakini..."

"Na mimi nimeificha vizuri. Hata mama wa watoto hajaiona. Sasa imepanda mpaka wapi?"

Zéphirin hakuwahi kuona maneno yake yakimrudia yakiwa yamenenepa namna hiyo. Mchele ulirudi ghalani, na juu yake bati kumi alizokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba ya mama yake. Zile bati zilimuuma. Alizipakia mwenyewe, moja moja, akijiambia kwamba mwenye pikipiki tatu atanunua bati za kijiji kizima. Mbuzi walirudi kwa Prefe wakifuatana na redio. Mama Régina alichukua pikipiki, akaizunguka, akaona haitoshi, akaviangalia viatu vya ngozi vya Zéphirin mpaka mwenyewe akavivua. Wote watatu walitia sahihi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyeuliza sababu.

Akaondoka na kandambili, vitabu vitatu kichwani. Siku nne alitembea. Malori mawili yalimpita bila kusimama, na kwenye moja alisikia mtu akicheka sana. Katika kijiji cha Wamaza alikaribishwa na mkulima aliyempa ugali na sombe ya majani ya muhogo, na walipokwisha kula, jua likiwa bado liko juu, alifungua kitabu kimoja ili apumzishe miguu. Kwa mara ya kwanza alikitazama bila kumtafutia mnunuzi. Akaona kwamba katika kila picha rubani alinyoosha kidole upande tofauti, na kwamba zile sharubu zake za kishujaa zilikuwa zimeficha uso wa mtu mwenye hofu. Mkulima alisogea akatazama naye, wakageuza kurasa zote arobaini.

Kule Kabambare, Mama Safia alivaa miwani. Akafungua sanduku la kwanza.

"Namba moja." Akafungua la pili. "Namba moja." Akafungua la tatu, akasoma kwa muda mrefu kama vile ni hati ya shamba. "Namba moja."

"Ndiyo, mama. Na sahihi zote ziko."

"Ni huruma, Zéphirin. Mwingereza, namba moja iko nayo tayari. Anatafuta namba mbili."

Zéphirin akafungua mdomo atunge neno. Badala yake kicheko kikatoka nyuma ya pazia, kicheko kizito cha tumboni ambacho Kasongo nzima ilikifahamu. Pazia likafunguka. Papa Souleymane alikuwa amekaa mkekani akijifuta macho, kulia kwake Bwana Prefe, kushoto Mama Régina, na nyuma yao Chimène na begi la kompyuta.

"Safia ni dada yangu, baba mumoja, mama mumoja," akasema Papa Souleymane alipopata pumzi. "Zile pikipiki ni za wateja wake. Na mimi nilijaribu kuficha, walahi! Siku nane. Ya tisa nikamuonyesha Prefe, basi Prefe akakimbia kwake kuleta ya kwake."

"Tukaenda kwa mwenye kuchapa," akasema Prefe. "Akatuambia ziko tatu, na zote namba moja."

Zéphirin akamtazama Chimène.

"Waliniuliza," akasema Chimène. "Wewe hukuniuliza kama nitanyamaza."

Zéphirin akasubiri waitwe polisi. Akajitayarisha hata kwa fimbo. Lakini Papa Souleymane alikuwa na jambo lililomkera zaidi.

"Kwanza utuambie kitu kimoja. Huyu rubani iko anaenda Maka, ao haendi?"

"Maka gani?" Prefe akageuka. "Anapeleka vitabu kwa wanafunzi! Nimewaeleza darasa nzima."

"Ninyi hamuone lile sanduku miguuni yake?" akasema Mama Régina. "Ni chanjo! Mbwa alipona, angalieni vile anachangamka!"

Wakaanza kuvutana kitabu, kila mmoja akiweka kidole kwenye picha yake. Mwishowe watatu wote wakamgeukia mwandishi wa fujo hiyo. Zéphirin akaiangalia miguu yake iliyovimba.

"Sijui," akasema. "Kingereza sijui hata kidogo."

Lilikuwa neno la kweli, na kwa kuwa hakulizoea, lilitoka kwa sauti ndogo.

"Mimi nimetafsiri na kamusi ya simu, neno kwa neno," akasema Chimène. "Amepotea. Kurasa arobaini anauliza njia ya kwao, na kila mutu anamuonyesha kwingine."

Halafu Mama Régina akaanza kucheka, akafuata Prefe, na Zéphirin alipojiona amesimama pale bila viatu, siku nne kutoka kwa mama yake, akacheka kuliko wote mpaka akakaa chini.

Hukumu ilitolewa juu ya chai. Chimène alikuwa amewaandikia London wenye ile michoro, nao wamekubali nakala hamsini, mradi watumiwe moja na kila namba iwe ya kweli. Mawingu ya rubani yataandikwa Kiswahili. Papa Souleymane atalipia karatasi. Namba moja atapewa Mama Asma, maana katoni ilikuwa ya babu yake. Na Zéphirin atauza, kwa miguu, na kila vitabu vitano vitamrudishia bati moja.

"Na pikipiki?" akauliza Zéphirin.

"Iko inakusalimia," akasema Mama Régina.

Wino ilipofika kutoka Bukavu, hukumu ikatimia. Zéphirin akaanza na Wamaza, vitabu kumi na vitano kichwani, akaenda kwa yule mkulima aliyemlisha. Mtu huyo alifurahi sana kusikia kwamba rubani sasa anasema Kiswahili. Akafungua sanduku, akasoma ukurasa wa kwanza, uso ukakunjika.

"Hii ni kumi na saba. Namba moja iko wapi?"

Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Zéphirin aliisikia pale, karibu na moyo. Akaangalia njia upande huu, akaangalia upande ule. Hapakuwa na mtu. Akakohoa.

"Ndugu yangu, kwanza niambie. Ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Tarehe ine."

Zéphirin akapiga magoti, akafungua mzigo na kutafuta namba nne mpaka chini kabisa.

"Ine," akasema, akimkabidhi kitabu kwa mikono miwili. "Kasongo mutu mumoja mukubwa aliniomba hii, nikamukatalia."

Na jambo la ajabu, hilo nalo lilikuwa kweli: Papa Souleymane alikuwa ameililia majuma mawili.