Ngamia wa Posta ya Ndege

Alhamisi, 2 Mei 1968. Nyamira. Asubuhi ya ukungu na manyunyu.

Nimeipata! Bahasha ya mwaka 1932, kutoka Khartoum, iliyokuja kwa ndege! Kumbe miaka yote imo ndani ya Biblia ya mama mkwe wangu, Bonareri. Marehemu mzee wake, baba mkwe wangu, alikuwa mpishi wa Mzungu msafiri, akamwandikia kutoka huko. Barua ililiwa na mchwa. Imebaki bahasha, na jina la Mama kwa mwandiko wa mzee. Mama hajui kusoma, lakini hilo analijua. Kila jioni hulipitishia kidole; nami nilidhani anapapasa Biblia tu.

Stempu ina ngamia. Ngamia kwenye posta ya ndege! Urmila wa duka la vitambaa kule Kisii hana kama hiyo. Jumapili ni maonyesho yetu ya stempu. Mwaka jana aliifungua albamu yangu akauliza, kwa upole wake ule, kama ni ya watoto.

Nimemwambia Mama kwamba mende wataila bahasha, anipe niitunze. Akasema chukua, Mama Jethro, wewe ndiye uliyesoma. (Sikudanganya sana. Mende wapo.)

Ijumaa, 3 Mei. Mvua tangu alfajiri.

Mpango: kuloweka bahasha, stempu ibanduke, bahasha irudi kwenye Biblia. Hatagundua. Niliiloweka jioni, beseni chini ya kitanda. Mara Mama akaita: giza linaingia, njoo tuombe. Sabato! Niliwaza sala nzima. Kubandua stempu ni kazi. Kuiacha majini si kazi. Nikaiacha. Nikajiona mcha Mungu kweli.

Jumamosi, 4 Mei. Jua kali.

Mahubiri yalihusu subira. Mengine sikusikia. Jua liligoma kutua. Lilipotua nikavuta beseni. Maji ya buluu. Stempu inaelea, ngamia naye buluu. Bahasha tupu, haina hata herufi. Jina la Mama limeishia kwenye maji. Nilikaa na beseni mapajani. Sikuweza kuyamwaga.

Jumapili, 5 Mei. Mawingu.

Kisii. Urmila aliitazama stempu, akauliza bahasha yake iko wapi. Nikasema ilikuwa kuukuu. Akashika kifua. Akasema dada yangu, thamani yote ilikuwa kwenye bahasha nzima. Hii ni sawa na kumletea mtu kifungo na kumwambia ni koti. Alinihurumia kabisa. Heri angecheka.

Jumatatu, 6 Mei. Baridi, upepo.

Nimeandika jina upya kwa wino, nikiiga mwandiko wa mzee, nikairudisha bahasha kwenye Biblia. Herufi safi! Mama akapitisha kidole. Akarudia. Akauliza nani ameandika hapa. Nikasema Mzee. Akasema Mzee alikuwa akikandamiza kalamu, mpaka kidole kinajikwaa. Hii ni laini.

Akafunga Biblia, akaniachia bahasha mkononi, akaenda kukama. Hakunigombeza. Jioni hakupitisha kidole chake popote.

Nimelia kidogo. Kisha nimekumbuka kwamba shangazi Mong'ina wa Kenyenya ana bahasha ya ndege aliyotumiwa na kaka yake wakati wa vita. Sasa najua kosa lilikuwa wapi: maji. Hii nitaibandua kwa mvuke wa birika. Nitaanza na habari za mende.

Saa sita na robo usiku. Nazima taa, nalala.