Ng'ombe Uliyemwacha Ndani ya Mashine

Kwako wewe usiyenijua, uliyekuwa na hii mashine ya michezo kabla yangu, kwa mkono wa fundi redio aliyeniuzia,

Salamu nyingi. Mimi ni mchinjaji mstaafu. Kalamu siiwezi sana, nilichosomea ni kisu, kwa hiyo nivumilie.

Nilinunua mashine yako nikapige risasi majambazi, kama picha ya kwenye boksi ilivyoahidi. Nikaiunga na televisheni, nikawasha, nikakuta shamba. Na zizini amesimama ng'ombe wako, jina lake Pendo, wingu jeusi juu ya kichwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeuza mashine bila kuhamisha mifugo. Hata mpangaji mbaya huondoka na kuku wake! Huyu alikuwa hajala tangu siku uliyozima.

2. Kitufe cha kushuka kimegandishwa na soda yako. Mtu wangu wa mchezoni anapanda tu. Nikitaka ashuke zizini naigonga padi, hicho kidude chenye vitufe, gotini. Goti limevimba, na mtu hushuka mara moja tu kwa siku.

3. Nimebonyeza vitufe vyote, cha kuchinja hakuna. Kuna cha kumkama, cha kumsugua, na cha kumsemesha. Kumsemesha! Mtaa mzima umekula nyama yangu, na sijawahi kubadilishana hata neno moja na ng'ombe. Ningeanzia wapi?

4. Mke wangu. Tangu nistaafu tulikuwa tunakaa sebuleni kama abiria wanaosubiri gari moja. Sasa akiamka ananipita kwanza, anauliza kama Pendo amekula. Juzi mvua ilinyesha ndani ya televisheni, akaghairi safari ya kwa dada yake. Shemeji kanuna, na ananinunia mimi, si ng'ombe.

5. Jirani alimsikia mke wangu akijisifu kwamba leo tumekama vizuri. Akaja na jagi. Tulipomwambia hakuna maziwa, akatuita wachoyo. Nikamwonyesha televisheni. Sasa anatuita wachoyo na vichaa.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote, njoo umchukue ng'ombe wako kabla ya Ijumaa. Fundi anasema kuna mahali pa kufuta kila kitu, na Ijumaa anakuja kufuta. Usidhani natania. Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote, mkono wangu hautetemeki.

Wasalimie wote hapo kwako, wa miguu miwili na wa miguu minne.

Ni mimi,
mwenye goti bovu.

Nimesahau: Ijumaa imefika kabla sijaituma barua hii. Fundi kaja, kauliza, "Mzee, nifute?" Mke wangu akanitazama, nami nikajikuta nimeikalia padi. Basi kasafisha kitufe tu, na mtu wetu sasa anashuka vizuri hadi zizini. Pendo kazaa. Ndama kapewa jina langu, si kwa ridhaa yangu. Usije. Ukija tutasema tumehama. Ila kama unakumbuka, mwambie fundi aniambie: ulikuwa ukimsemesha, ulikuwa unamwambia nini? Maana mimi nimeishiwa maneno.