Mkeka Tumboni, Mtoto Juu Yake

Jumatatu, 9 Juni. Logan, kusini mwa Brisbane.

Nimechoka na safari haijaanza. Baba mkwe, mzee Sapolu, anatawazwa kuwa mkuu wa ukoo Jumamosi asubuhi, kijijini kwao Lotofaga, Samoa. Ameomba kitu kimoja tu: aketi ameegemea nguzo yake, pale wanapokaa wakuu, siku hiyo akiwa amempakata mjukuu mwenye jina lake. Yaani mwanetu, Sapolu mdogo, miezi minane, mzito kama gunia la taro, yale magimbi ya kwetu Samoa. Tukichelewa mke wangu Lupe hatanisamehe, na ukoo wake utanisema mpaka kaburini.

Shemeji Vaelua, kaka yake Lupe, amekata tiketi ya moja kwa moja, na sanduku kalilipia juu yake. Katuma picha ya tiketi kwenye kundi la familia. Sikujibu. Mimi nimepata za bei chee: Brisbane hadi Sydney, Sydney hadi Auckland, kisha Auckland hadi Apia, kuondoka Jumamosi adhuhuri. Lupe kauliza, Jumamosi si ndiyo siku yenyewe? Nimemwambia atulie. Mtu akienda kwetu hurudi nyuma siku moja. Marehemu baba alikuwa akipanda ndege Jumapili baada ya ibada, anateremka Jumamosi, kesho yake anasali tena. Kwa hiyo tutafika Ijumaa. Tiketi imeandikwa kufika Jumamosi jioni, lakini kampuni ya bei chee, na kompyuta zake za bei chee.

Jumanne, 10 Juni.

Kilo saba za mkononi kwa kila mtu, basi. Mtoto wa kupakatwa hana haki hata ya soksi. Lakini kigari chake kinapita bure! Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Nimepanga makopo ya nyama chini ya kigodoro cha kigari, maana mtu haendi kwenye sherehe ya wakwe mikono mitupu. Ule mkeka wa ukoo, zawadi ya heshima kuu kwetu, laini kama shuka, wenye manyoya mekundu pembeni, alioachiwa Lupe na bibi yake, nimeuviringisha ndani ya begi.

Lupe kasema tulipie sanduku moja, yaishe. Nimemwambia hayo ni mawazo ya akina Vaelua. Kasema na yeye ni wa akina Vaelua.

Jumatano, 11 Juni. Njiani.

Binti wa kaunta aliniambia nikunje kigari. Hilo sikulitarajia. Nikasema hakikunjiki, kimeshika kutu. Akakikunja yeye, kwa mkono mmoja. Makopo yakamwagika, yakaviringika mpaka miguuni mwa watu. Foleni nzima ilicheka, mtoto akacheka kuliko wote. Bibi mmoja wa Kitonga alinihurumia. Ati, "Pole mwanangu, lete nikusaidie." Akayatia yote kwenye boksi lake, nikamshukuru sana. Tulipoagana ndipo nilipojua anakwenda Tonga, na boksi limeshapakiwa.

Siti nazo nilizifanyia hesabu. Nilichukua ya dirishani na ya ujiani, maana ya katikati hakuna aitakaye, mtoto angejinyoosha hapo kama mfalme. Ikaja jitu la watu. Nikaliomba lihamie dirishani. Likasema limeichagua siti yake na limeilipia. Basi mtoto akawa anapitishwa juu ya tumbo la yule bwana njia nzima, chupa ikimfuata, kitambaa kikifuata chupa. Kufika Sydney yule bwana alikuwa ana maziwa mpaka kwenye ndevu. Lupe alimwomba radhi. Mimi hakuniomba wala hakunisemesha.

Alhamisi, 12 Juni. Auckland, kwa binamu.

Balaa. Mama mkwe kapiga simu kuuliza tumeshafika wapi. Lupe akamweleza mpango wangu wa kurudi nyuma siku moja. Kisha nikasikia kicheko cha mama mkwe, na nyuma yake cha shangazi wote waliokuwa wakisuka majani. Akaomba aongee na mimi.

"Mkwe wangu, huku leo ni siku gani?"

Nikasema Jumatano.

"Ni Alhamisi, mwanangu. Kama huko kwenu."

Ati serikali iliruka ule mstari wa baharini unaogawanya tarehe miaka mingi iliyopita. Wakaifuta Ijumaa moja nzima, watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Nchi yote inajua. Mimi nilikuwa nimeshahamia Logan, na sijarudi tangu hapo. Nani angeniambia? Lupe kasema tiketi iliniambia.

Hakupiga kelele. Aliketi kitandani na mtoto, akasema baba yake ana moyo mbovu, huenda hatapata Jumamosi nyingine kama hii. Afadhali angenipiga. Nikaingia mtandaoni, nikazikuta siti mbili za mwisho za kesho. Pesa tuliyoiweka ya kununua friji imekwenda yote, na ni begi moja tu la mkononi kwa sisi wote.

Ijumaa, 13 Juni.

Mzani upo hadi mlangoni mwa ndege. Lupe kasema mkeka ubaki kwa binamu, tumbebe mtoto, twende. Mimi nikakataa. Vaelua atandaze mkeka wake mbele ya ukoo na mimi nikae nachezea vidole? Nikajizungushia mkeka tumboni, koti juu, mtoto kwenye mbeleko juu ya koti. Nepi nikazipunguza ili begi lisizidi kilo.

Mlinzi alinipapasa akauliza hiki ni nini. Nikasema mkeka. Akauliza kwa nini. Nikasema begi limejaa. Akaniacha nipite, nadhani kwa huruma.

Angani joto lilikuwa la tanuri. Mtoto juu ya koti, mkeka chini ya koti, mimi chini ya yote. Nepi zikaisha nusu ya safari. Iliyokuwapo ikazidiwa. Nilihisi uvuguvugu ukishuka taratibu, ukapita kwenye koti, ukafika kwenye urithi wa bibi. Mkanda wa siti ulikuwa umefungwa, mawingu yanaturusha. Nikafumba macho. Lupe aliona uso wangu, akajua, akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Sijui kama ni kilio au kicheko.

Jumamosi, 14 Juni. Lotofaga.

Tumewahi. Baba mkwe aliketi kwenye nguzo yake, amepakwa mafuta, mtoto mapajani. Mtoto alishika kidole chake akalala hivyo hivyo, hotuba na kinywaji cha kutawazwa vyote vikampita. Mzee hakumwangalia mtu mwingine. Lupe alilia waziwazi.

Kisha zawadi. Kumbe sanduku la Vaelua limepelekwa Fiji, na mkeka wake ndani! Yeye alikaa pembeni na kaptula ya safarini. Ikaitwa mikeka ya watoto wa ng'ambo, ukaja wangu peke yake. Watu wakaguna kwa heshima. Mama mkwe aliinama, akanusa, akanitazama, akaikunja chini ile pembe iliyolowa.

Nikamnong'oneza Lupe: waona mipango yangu? Kasema baba yake aliomba mtoto tu. Mkeka hakuuomba, makopo hakuyaomba, na mtoto nusura nimkoseshe. Nikasema lakini Vaelua hana mkeka. Akaenda kukaa na mama yake.

Jumapili, 15 Juni.

Baada ya ibada ya jioni baba mkwe aliniita. Kumbe naye amesikia habari za Ijumaa iliyofutwa, alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema polepole: "Mlete tena Krismasi, mwanangu. Kama nitakuwepo." Nikamwambia utakuwepo, mzee, na tutamleta. Njiani tukitoka kanisani Lupe alinishika mkono, mara ya kwanza tangu Auckland.

Tumefungashiwa paja la nguruwe, taro na mkeka mwingine, mpana kuliko ule. Lupe kasema safari hii tunalipia sanduku. Nikaitikia. Lakini Ijumaa, pale mlangoni mwa ndege, nilimwona mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Alitangulizwa mbele ya wote, furushi mapajani, na hakuna aliyempimia kitu. Basi nikaanza kuchechemea kidogo, ili watu wazoee mapema. Lupe kauliza ni mguu gani. Nikasema wa kushoto, wa tangu zamani.

Akauachia mkono wangu. Ati mbona nachechemea wa kulia.