Tangi Lisilovunjika

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Binti yangu kapata oda! Ya kwanza tangu afungue karakana hapa uani. Zahanati inataka tangi la maji la faiba, Ijumaa. Wakilipenda, mengine manane. Likishindikana, karakana anafunga, anarudi kusimamia duka la mjomba wake. Nimemtangazia jirani mshonaji, yule wa "mwanangu rubani, mwanangu rubani". Nikamweleza: nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, zinaloweshwa gundi iitwayo rezini. Halishiki kutu. Halivunjiki. Jepesi, nalibeba kichwani! Akauliza ni kioo gani hicho kisichovunjika. Nikamjibu: kilichosomeshwa na mimi.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Binti kaenda zahanati kupima pa kuliweka. Kaniambia nisiguse kitu. Mimi, niliyemzaa! Kalibu ya mbao, ile inayolipa tangi umbo, ilikuwa tayari. Kaichonga wiki mbili, hata kabla ya oda. Nikatandika nyuzi, nikamwaga rezini. Dawa ya kukazia yeye huipima kwa kijiko, kama ya kikohozi. Nikatia kikombe. Kopo la nta nililiacha, nikidhani ni ya sakafu.
Moshi! Dakika kumi, jiwe. Nawashwa mpaka kwenye nyusi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Halitoki. Kumbe nta ndiyo huzuia tangi lisigandamane na kalibu. Na dawa ikizidi, rezini huchemka. Lina nyufa za kuvujisha mto mzima, lakini kubanduka, ng'o! Nyundo inadunda tu. Jirani kachungulia ukutani: "Mama fundi, si ulisema halivunjiki?"
Binti hakunigombeza. Kakaa juu ya ndoo, kalia kimya. Bora angenitukana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyemvisha nguo.

Jumatano, tarehe 19 Juni
Zahanati wametupa nafasi ya mwisho, kesho. Binti kachonga kalibu nyingine, vidole vyote plasta. Leo kapaka nta, katandika, kamwaga nusu ya rezini. Nusu nyingine iko ndooni, dawa keshatia. Katoka kununua brashi. Kaniomba, mama tafadhali, nikae tu.
Nimekaa. Lakini wingu limetanda, itachelewa kukauka. Nta nimeikagua, ipo, somo limeniingia. Dawa tu ndiyo kaipima kwa woga. Nimeongeza nusu kikombe ndooni, nikamwaga rezini yote kwenye kalibu. Nusu tu!
Nasikia harufu ya kuungua. Jirani huyo, kaunguza nguo ya mtu kwa pasi. Ngoja nikamcheke.