Hoja za Kumrudisha Seline

Jumatatu, 2 Juni 1997
Jumamosi Seline hakuja tena kwenye mdahalo wa kanisa hapa Nyamasaria. Nina hamu naye, jamani! Nani mwingine atanipinga mpaka nikose usingizi? Mara ya mwisho tulibishania magugu maji yaliyoziba ziwa. Yeye: tuyakaushe, tusuke viti. Mimi: tuwalishe ng'ombe. Desturi yetu, kabla ya chai kila msemaji husimama kutaja alichofundishwa na mpinzani wake. Seline alisimama. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye maandazi. Akachukua mkoba, akahamia mdahalo wa Katito.

Jumanne, 3 Juni
Mpango: nipate ushahidi, atarudi mwenyewe. Nimembebea ng'ombe wa Mama gunia zima la magugu. Amenusa, amenitazama, amegeuka. Nikanyunyiza chumvi. Akala! Ushindi!

Jumatano, 4 Juni
Ng'ombe anaharisha. Mama amesimama mlangoni kwangu: "Oduor, umepatia ng'ombe yangu nini?" Nimesema ni utafiti. Amenikabidhi koleo. Nimeshinda zizini nikimuwaza Seline, anavyokunja uso kabla ya kuivunja hoja yangu. Hakuna uso mwingine kama ule.

Jumamosi, 7 Juni
Katito, shati limepigwa pasi. Seline alinitengea kiti karibu naye! Kiti chenyewe alikisuka kwa magugu, na kilinibeba vizuri tu. Desturi yetu ameipeleka huko pia. Kabla ya chai akasimama, akasema alijaribu wazo langu: alikausha magugu, akachanganya na pumba, mbuzi wa shangazi yake wakala kidogo wasidhurike. Kwa hiyo Bwana Oduor amemfundisha kitu. Kisha akanigeukia. Macho yale! Nilitakiwa kusema neno dogo tu. Nikasimama, nikatangaza nimejifunza kwamba tangu mwanzo nilikuwa sahihi. Ukumbi mzima ulicheka. Seline hakucheka. Kikombe alichonimiminia akampa Dishon, fundi baiskeli aliyempinga siku hiyo na kukiri ameelimika.

Jumapili, 8 Juni
Sijala. Kanisani sijaenda. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Natamani anipinge tena, hata kuhusu mvua. Lakini dawa nimeipata! Jumamosi narudi Katito. Nimeandaa hoja nzito za kumthibitishia Seline, mbele ya watu wote, kwamba na yeye ana hamu nami.