Jinsi Nilivyoyalainisha Maji ya Bibi Mwalimu

Jumatatu, 12 Juni 1911

Jambo kubwa! Bibi Mwalimu, mke wa mchungaji Mjerumani, amepanda mimea ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji, lenye samaki wawili. Mwanafunzi mwenzangu Tabea na mimi tumepewa chupa mojamoja ya maji na tawi la mmea huo. Jumamosi atayakagua matawi. Ambaye tawi lake litastawi zaidi atabaki hapa misheni, amsaidie Bibi kufundisha watoto wadogo. Mwingine atarudi nyumbani migombani. Baba amekwisha sema kwamba nikishindwa atakuja kunichukua. Nitashinda.

Jumanne, 13 Juni

Somo la maji. Bibi anasema maji ya chemchemi yetu ni magumu. Ndiyo maana birika lina ukoko mweupe ndani. Mmea huu hupenda maji laini. Tabea alichukua kibuyu, akapanda msituni kuchota maji laini ya mto. Maskini, miguu yake! Mimi nina akili. Mama hulainisha maharage ya mwaka jana kwa magadi, nayo ni magumu kama changarawe. Maji yatashindwaje?

Jumatano, 14 Juni

Nimetia bonge la magadi. Kisha nikapima kwa sabuni. Maji matupu ya chemchemi: povu hakuna. Maji yangu: povu hadi viwikoni! Nikamwonyesha Tabea. Akauliza kama ninaukuza mmea au ninaupika. Wivu.

Alhamisi, 15 Juni

Majani yamekuwa manjano. Huenda magadi hayajatosha. Nimeongeza.

Jumamosi, 17 Juni

Tawi la Tabea limechipua. Langu limelala chini kama mlenda. Bibi alinusa chupa, akataka kujua nimetia nini. Nikaeleza habari ya maharage, na ya povu pia. Akakiri kwamba ugumu umepungua kweli. Lakini magadi yameifunga ile hewa ambayo majani hula ndani ya maji.

“Maji yako ni laini, mwanangu,” alisema, “ila mmea umekufa njaa.”

“Ungetia na chumvi, dada, tungekula,” alisema Tabea.

Amechaguliwa yeye. Nililia kidogo, nyuma ya jiko. Bibi akanifuata. Amesifu kile kipimo cha sabuni. Kesho Tabea anakwenda kwao kuaga, kisha atarudi. Mimi nitalinda sanduku la kioo. Nikililinda vyema, Bibi atazungumza na Baba akija Jumatatu kunichukua, ili nami nibaki. Sharti moja: nisitie kitu chochote ndani. Rahisi sana.

Jumapili, 18 Juni

Ukungu umeshuka kutoka mlima Meru, baridi inauma. Bibi yuko kanisani. Samaki wake wawili wamejikunyata pembeni, hawachezi. Nimewahurumia mno. Sitatia kitu. Nimechota tu nusu ya maji yao, yako jikoni motoni. Yakichemka nitayarudisha. Kurudisha si kutia.